Kabla Hujalipia Tiketi ya Ng'ambo: Mwongozo kwa Msafiri wa Kisaju

Pesa ya tiketi isikutoke kabla visa haijaingia kwenye pasipoti. Ubalozi wa Marekani wenyewe huwaambia waombaji wasikamilishe mipango ya safari wala kununua tiketi isiyorudishwa pesa mpaka wapewe visa. Balozi za nchi za Schengen hutaka kuona nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi, lakini nafasi iliyohifadhiwa si tiketi iliyolipiwa. Ajenti aliyesajiliwa anaweza kukushikia nafasi kwa siku kadhaa na kukuchapishia karatasi yake bila wewe kutoa nauli yote. Anayekushinikiza ulipe kila kitu mapema ili "ubalozi ukubali" anakuingiza hasarani.

Nauandika mwongozo huu nikiwafikiria hasa wazazi. Ukishuka matatu Kisaju ukaingia ndani kidogo kutoka barabara ya Namanga, si nyumba chache utakazokuta zimejengwa kwa pesa iliyotumwa kutoka Minnesota, Texas, London au Doha. Ploti ikishazungushiwa ua na kisima kikachimbwa, siku moja simu inalia: mjukuu amezaliwa, mama aje. Mama huyo pengine safari yake ndefu kuliko zote ni ya basi hadi Mombasa. Tiketi atakayokatiwa ndiyo itakayoamua kama atafika na nguvu za kumpakata mtoto, au atafika baada ya usiku mzima wa kulala kwenye viti vya uwanja asioujua, akiogopa kumuuliza yeyote chochote.

JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, haukosi ndege za mbali. Kenya Airways ina safari ya moja kwa moja hadi New York, iliyoanza tarehe 28 Oktoba 2018. Ni mwendo wa saa 15 hivi bila kutua popote. Mashirika mengine yatakupitisha kwao kwanza: Ethiopian Airlines huko Addis Ababa, mwendo wa saa mbili, Emirates Dubai, Etihad Abu Dhabi na Qatar Airways Doha, saa tano hivi, Turkish Airlines Istanbul, karibu saa saba, KLM Amsterdam, Air France Paris, Lufthansa Frankfurt na British Airways London, saa nane au tisa. Watu huuliza shirika lipi ni zuri. Mimi ningeuliza kwanza: utabadilishia ndege wapi, utasubiri muda gani, na huko utadaiwa karatasi zipi? Chakula kitamu na kiti chenye filamu ni raha ya saa chache. Kurudishwa kutoka kaunta kwa kukosa visa ya kupitia kunaua safari nzima, na nauli huenda nayo.

Basi tuanze na karatasi hizo. Mwenye pasipoti ya Kenya anayebadilisha ndege London huhitaji visa ya kupitia hata asipotoka nje ya uwanja, isipokuwa awe na kitu kinachomwondolea sharti hilo, kwa mfano visa halali ya Marekani au Kanada. Amsterdam, Paris na Frankfurt kuna nafuu, kwa kuwa Kenya haimo katika orodha ya pamoja ya nchi ambazo raia wao hudaiwa visa ya uwanjani katika eneo la Schengen. Hata hivyo nchi mojamoja zina ruhusa ya kuongeza masharti yake, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya ubalozi wa nchi utakayopitia. Mtego mkubwa zaidi ni kupitia viwanja viwili vya Schengen, tuseme Paris kisha Amsterdam, ndipo uende Toronto. Safari ya Paris hadi Amsterdam huhesabiwa kuwa ya ndani. Ukiipanda umeshaingia Ulaya, na bila visa ya Schengen hutapandishwa ndege hapa Nairobi. Tovuti za kutafutia tiketi hukuwekea njia kama hiyo juu kabisa kwa sababu ni rahisi, wala hazijui una pasipoti gani. Marekani nayo haina utaratibu wa kupita tu: anayekwenda Jamaika kupitia Miami lazima awe na visa ya Marekani. Addis, Dubai, Doha, Abu Dhabi na Istanbul hazitakusumbua ukiwa na tiketi moja na ukibaki ndani ya uwanja, na hii ni sababu kubwa ya watu wetu kuzipenda.

Kwa mzazi anayekwenda Marekani kuna jambo la pili la kupima. Mtu huhojiwa na maafisa wa uhamiaji kwenye uwanja wa kwanza anaotua nchini humo, si ule wa mwisho. Mama anayekwenda Minneapolis kupitia New York atapanga foleni New York, atajibu maswali, atachukua mabegi yake kwenye mkanda, atayapitisha forodhani, atayakabidhi tena, kisha atafute lango la ndege ya pili. Kwa hiyo kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani usikubali pengo lililo chini ya saa tatu, hata tovuti ikisema saa moja na nusu inatosha. Abu Dhabi ndiyo pekee kati ya viwanja nilivyovitaja yenye ofisi ya uhamiaji ya Marekani, tangu mwaka 2014. Maswali yote huulizwa huko kabla ya kupanda, na ndege ikitua Marekani abiria hutoka kama aliyetoka jimbo jirani. Mzazi anayesafiri peke yake kwenda mji ambao Etihad inaufikia moja kwa moja kutoka Abu Dhabi, mimi ningempitisha huko hata nauli ikizidi kidogo. Mtoto akiishi New York, New Jersey au karibu na hapo, ndege ya Kenya Airways ndiyo ya kwanza kuangalia: anapanda Nairobi kati ya watu wanaosema lugha yake, anashuka anakosubiriwa.

Ethiopian huwa na nauli za chini, na Addis iko karibu. Jua tu kwamba mji ule uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege nzito haiwezi kupaa na mafuta ya kuvuka Atlantiki kwa mkupuo. Ndiyo maana baadhi ya safari zake za kwenda Marekani hutua mahali pengine njiani kuongeza mafuta. Mwambie mzazi mapema, asije akashuka akidhani amefika. Kama muda wa kusubiri Addis ni mrefu na hakuna ndege ya karibu zaidi, uliza wakati wa kununua kama hoteli imo kwenye tiketi. Ukinyamaza, utalala kwenye kiti.

Kwingineko, muda wa kubadilisha ndege ninaoupenda kwa mtu mzima wa miaka 60 au zaidi ni kati ya saa mbili na nusu na saa nne. Dubai, Doha na Istanbul ni viwanja vya kutembea sana, vingine vina treni ndani. Kama magoti yanamsumbua, omba kiti cha magurudumu wakati wa kununua, au angalau siku mbili kabla ya kuondoka. Huduma hiyo ni ya bure, na mhudumu atamsukuma kutoka kaunta ya JKIA hadi mlangoni mwa ndege, na huko mbele vivyo hivyo. Asiye na shida ya kutembea lakini hajui Kiingereza, ulizia huduma ya kusindikizwa. Baadhi ya mashirika yanayo. Mpe pia karatasi yenye jina la mji anakokwenda, nambari ya ndege ya pili na simu ya mwanawe, iandikwe kwa Kiingereza kwa herufi kubwa. Simu huisha chaji.

Sasa, kama ningekuwa na jambo moja tu la kusema, ningesema hili: safari yote iwe kwenye tiketi moja. Tiketi moja maana yake ni msimbo mmoja wa kuhifadhi nafasi unaobeba ndege zote kutoka Nairobi hadi mwisho. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine, na begi lako linabandikwa stika ya mwisho wa safari. Ukinunua Nairobi hadi Dubai kwa huyu, na Dubai hadi Toronto kwa yule, umeokoa shilingi lakini umejifanya wewe mwenyewe kuwa daraja. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili itaondoka na hakuna atakayekuomba radhi. Na ili uchukue begi lako pale katikati huenda ukahitaji visa ya kuingia nchi hiyo. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, muda mfupi kabla ya Iran kurusha makombora, na Doha ikajaa abiria waliokwama. Mwenye tiketi moja alikuwa na mtu wa kumdai ndege nyingine.

Tiketi moja ina masharti yake. Usipotokea kwenye ndege ya kwanza, zote zinazofuata hufutwa, pamoja na za kurudi. Mtu asikwambie uache mguu wa kwanza kwa kuwa umepata lifti hadi Addis.

Hapo ndipo tovuti zinapoingia. Ziko za aina mbili, na nyingi huonekana kufanana. Google Flights, Skyscanner na Kayak ni za kutafuta: zinakuonyesha bei za wengi kisha zinakupeleka kwa muuzaji. Expedia, Trip.com, Travelstart na Kiwi.com ni wauzaji wenyewe. Pesa yako inaingia kwao. Zile za kwanza ni zana nzuri sana na hazikugharimu kitu. Kaa nazo jioni mbili tatu, badilisha tarehe, tazama kalenda ya bei, linganisha Jumanne na Ijumaa. Desemba na miezi ya kiangazi cha huko, Julai na Agosti, nauli hupanda. Kama mjukuu hana haraka, Februari au mwanzo wa Mei humpa mzazi nafasi na humpunguzia mtoto mzigo wa nauli.

Ukishapata njia unayoitaka, funga tovuti hiyo uende kwenye tovuti ya shirika lenyewe uitafute njia ileile. Tofauti ikiwa ya shilingi elfu chache, nunua kwa shirika. Siku ratiba itakapobadilika, na kwenye safari iliyokatwa miezi mitano mbele mara nyingi hubadilika, aliyenunua kwa shirika atazungumza na shirika. Aliyenunua kwa muuzaji wa kati mara nyingi atajibiwa na shirika kuwa amwendee aliyemuuzia, na huyo yuko bara jingine nyuma ya kisanduku cha kuandikia ujumbe. Kiwi.com inajulikana kwa kuunga pamoja tiketi za mashirika yasiyoshirikiana. Ina dhamana yake, lakini hiyo ni dhamana ya muuzaji. Shirika la ndege ya pili halikujui.

Kwenye kila matokeo, bonyeza usome njia nzima kabla ya kuangalia bei. Kuna tiketi zinazokushusha uwanja mmoja na kukupandisha mwingine katika mji uleule: London ina Heathrow na Gatwick, New York ina JFK na Newark, Istanbul ina uwanja mpya upande wa Ulaya na Sabiha Gökçen upande wa Asia. Air Arabia kutoka Nairobi hutua Sharjah, si Dubai. Tazama pia alama ndogo ya +1 au +2 kando ya saa ya kufika. Ni siku ya pili au ya tatu, na anayekuja kupokea mgeni lazima aijue.

Ajenti wa hapa Kitengela au Nairobi si mtu wa kudharauliwa. Kwa familia isiyo na kadi, au yenye safari ya watu watano na mabadiliko yasiyokwisha, ofisi unayoweza kuingia ukaketi ina thamani. Awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Akiwa pia mwanachama wa KATA, chama cha maajenti wa usafiri nchini, na ana kibali cha kutoa tiketi kutoka IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, bora zaidi. Kisha mpime kwa kazi yake. Akishapokea pesa akupe vitu viwili: msimbo wa herufi na tarakimu sita, na nambari ya tiketi yenye tarakimu 13. Msimbo peke yake hauthibitishi malipo. Nafasi isiyolipiwa hufutika yenyewe. Nambari ya tiketi huanza na tarakimu tatu za shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 176 Emirates, 157 Qatar Airways, 074 KLM, 235 Turkish, 125 British Airways. Kabla hujatoka ofisini mwake, fungua tovuti ya shirika kwenye simu yako, ingiza msimbo na jina la ukoo, uone safari na nambari hiyo. Hii ni kazi ya dakika mbili, na ndiyo kinga dhidi ya wale wa Facebook wanaouza tiketi kwa nusu bei.

Kuhusu malipo, Kenya Airways hupokea M-Pesa. Tangu Agosti 2023 kiwango cha juu cha muamala mmoja ni shilingi 250,000, kwa hiyo tiketi za wawili zikivuka hapo panga kutumia benki. Kwa tovuti za nje, M-Pesa ina kadi ya Visa ya mtandaoni, GlobalPay, iliyozinduliwa mwaka 2022. Kadi ya benki ina faida moja zaidi: muuzaji akitoweka, unaweza kupinga malipo kupitia benki yako. Pesa uliyotuma kwa nambari ya simu ya mtu haina njia hiyo. Tovuti ikikuuliza kama ulipe kwa dola au kwa shilingi, kwa kawaida ubadilishaji wa benki yako ni nafuu kuliko wa muuzaji, lakini piga hesabu mwenyewe. Mtoto aliye Marekani akilipa kwa kadi yake kwenye tovuti ya shirika huko, sheria ya Marekani inampa saa 24 za kughairi bila kutozwa, mradi safari iko siku saba au zaidi mbele. Baadhi ya mashirika huomba kuiona kadi iliyolipia wakati wa kukabidhi mizigo, basi soma barua pepe ya tiketi hadi mwisho.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Muthoni akiandikwa Mudhoni, kusahihisha baada ya kulipa huweza kugharimu. Kabla ya kulipa ni bure.

Mizigo nitaipita haraka. Mashirika mengi ya Afrika na Ghuba huruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila moja kwenye nauli za kawaida za kwenda Marekani, lakini nauli ya chini kabisa ya shirika lolote inaweza kuwa na begi moja au isiwe nalo kabisa. Soma mstari wa mizigo kwenye ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa. Unga wa ugali na majani ya chai husafiri vizuri. Nyama na matunda mabichi huzuiwa Marekani na Ulaya.

Sasa barabara, kwa sababu tiketi ya Kisaju haianzi JKIA. Umbali hauzidi kilomita 50, lakini katikati kuna Kitengela, kisha makutano ya Athi River na malori ya Barabara ya Mombasa. Ukifika Mlolongo unaweza kulipia Nairobi Expressway, iliyofunguliwa Mei 2022, ikakuteremsha JKIA. Kabla ya Mlolongo hakuna njia ya kulipia. Ndege nyingi za Ulaya na Ghuba huondoka jioni au usiku, hivyo utapita Kitengela alasiri. Toka nyumbani muda wa saa sita kabla ya ndege kuondoka. Siku za maandamano ya Julai 2024 barabara ilizibwa pale Kitengela, na shirika halilipi fidia kwa sababu ya matairi yaliyochomwa njiani. Ukisikia fununu ya mkutano au mgomo, lala Nairobi usiku uliotangulia. Unapochagua ndege ya kurudi, tazama saa ya kutua kwa makini hayohayo. Inayotua saa nane usiku ikiwa na nauli nafuu itakudai teksi ya usiku hadi Kisaju, au saa kadhaa za kusubiri kwenye viti mpaka kuche.

Wako wanaopiga hesabu ya kuvuka Namanga na kupandia Kilimanjaro, ambako KLM, Qatar Airways na Ethiopian hutua. Huenda nauli ikawa chini huko. Kwa mtu mmoja mwenye begi dogo na cheti cha homa ya manjano, yawezekana. Kwa mzazi mwenye mabegi mawili, basi, mpaka, basi tena, sioni faida.

Mwisho ujue unachodai mambo yakiharibika. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004, nambari 261, hukupa hadi euro 600 kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 ukifika umechelewa mno kwa kosa la shirika. Inafunika ndege yoyote inayotoka nchi za Umoja wa Ulaya, na ndege ya shirika la Umoja huo inayokwenda huko. Kwa hiyo Nairobi hadi Amsterdam ukiwa na KLM imefunikwa. Njia hiyohiyo ukiwa na Kenya Airways haimo, ila ukirudi nayo kutoka Amsterdam imo. Nauli zikilingana, hilo ni jambo la kupima.

Kwa begi, Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Likipotea au kuharibika, shirika linawajibika hadi kiwango kilichopandishwa Desemba 2024, takriban dola 2,000 kwa abiria. Lakini ripoti hutolewa kwenye kaunta ya mizigo kabla ya kutoka nje ya uwanja, na malalamiko ya maandishi hufuata: siku 7 kwa begi lililoharibika, siku 21 kwa lililochelewa, ukihesabu tangu ulipokabidhiwa. Kesi ina miaka miwili. Piga picha begi likiwa wazi na likiwa limefungwa kabla ya kutoka Kisaju, na kile kipande cha stika unachopewa kaunta kibandike nyuma ya pasipoti mpaka mabegi yote yafike sebuleni.